Kontena Alilosingiziwa Mama Pacha

Mama Pacha alisingiziwa na mdogo wake wa tumbo moja. Hakuna namna nyingine ya kulisema jambo hili, na wale wanaolizungushazungusha, eti kulitokea kutoelewana kazini, wakatafute msikilizaji pengine. Programu ya vyumba vya baridi ilizimika, mali ya watu ikaoza, na aliyeizima akasimama mbele ya bosi na wenye mali, akanyoosha kidole na kusema: "Ni dada. Kontena alilifunga yeye."

Alijua anasema uongo. Uongo wa kupitiwa unasameheka, mtu hajui alisemalo. Huu aliuandaa, akaupiga pasi, akauvaa.

Kwao wanamwita Kitinda, kwa kuwa ndiye kitindamimba. Alizaliwa wakati mama yao amekwisha choka, na baada ya kumzaa mama akalala kitandani muda mrefu, haamki hata kujichotea maji. Mtoto akaangukia mgongoni mwa dada mtu. Mgongo wa Mama Pacha uliujua uzito wa Kitinda kabla haujaujua uzito wa wanawe mwenyewe. Wenzake walikwenda darasani, yeye alibaki nyumbani anabembeleza. Aliacha shule akiwa ndiyo kwanza anaunganisha herufi, na hakuna aliyemwambia pole, maana hakuna aliyeona kwamba kuna kitu kimeachwa.

Kusoma alikuja kujifunzia ukubwani, tena kwenye vioo vya kompyuta. Mumewe alikuwa fundi wa kompyuta, ana chumba kimoja cha mbele chenye meza iliyojaa nyaya. Mama Pacha alianza kwa kumpa bisibisi. Kisha akawa anamsomea maandishi ya kwenye kioo mume akiwa amelala chini ya meza. Kisha akawa anaandika yeye mwenyewe amri anazoambiwa, na siku moja akaandika asiyoambiwa, mashine ikaamka. Mume akatoka chini ya meza, vumbi usoni. "Wewe mwanamke, nani kakufundisha hiyo?" "Mashine," akajibu. Mume alipofariki, na mabinti pacha bado wadogo, wateja waliendelea kuja na mashine zao kwa mjane, kwanza kwa huruma, baadaye kwa sababu zilikuwa zinapona.

Mmoja wa wateja hao ndiye aliyekuja kuwa bosi wake. Ni bwana mwenye tabia ya kupandisha suruali kila anapokwepa neno zito, hata watu wakamwita Bosi Mkanda. Alifungua ofisi ghorofa ya pili, juu ya duka la kukata vioo. Mashine ya kukatia ilikuwa na mlio wa kukereketa meno, na watu wa ofisini walizoea: ukianza, unanyamaza katikati ya sentensi, mdomo wazi, ukisubiri uishe. Wageni walidhani ni ofisi ya watu waliopigwa na bumbuwazi.

Huko Mama Pacha alipewa kazi ya kufunga makontena. Si yale ya chuma yanayopangwa bandarini. Programu ya kompyuta ni kama fundi na sanduku lake la vifaa: ukimhamisha peke yake, anafika mikono mitupu. Kwa hiyo programu inawekwa ndani ya kontena pamoja na kila inachohitaji, kontena linafungwa, na popote litakapofunguliwa mambo yanakuwa yale yale. Programu yao iliandikwa kwa lugha ya Python, na Python haiendi popote bila vifurushi vilivyoandikwa na watu wengine, hiki cha kupima joto, kile cha kutuma ujumbe kwenye simu, na vifurushi hivyo navyo vina vyao vinavyovitegemea. Kuna chombo kinachokwenda mtandaoni kuvileta vyote na kuvipanga. Wenye vyeti wanakiita meneja wa vifurushi. Pale ofisini walikiita Mchukuzi, na jina likanoga.

Mama Pacha alikuwa na sheria moja. Mchukuzi afanye safari zake zote kabla kontena halijafungwa. Likishafungwa, asitoke tena. Wateja wao walikuwa na maghala ya baridi pembezoni mwa mji, ambako umeme na mtandao hukatika vinapojisikia, na kontena linaloamka halafu likaanza kumtuma Mchukuzi mtandaoni ni sawa na mlinzi anayeshtuka usingizini na kwenda kwanza kununua rungu. Kwa hiyo kila alipomaliza kufunga, Mama Pacha alichomoa waya wa mtandao ukutani, akaliamsha kontena hivyo hivyo, likiwa halina pa kukimbilia.

"Mama Pacha kachomoa tena jamani!" wenzake walipiga kelele. "Nilikuwa natuma picha!"

"Itume kwa miguu," aliwajibu.

Kitinda alipomaliza shule na kukosa kazi, dada ndiye aliyekwenda kumlilia Bosi Mkanda. Na dada ndiye aliyemfundisha kazi, bega kwa bega, kiti kwa kiti. Kichwa chake chepesi, hilo halina ubishi. Alichokosa ni subira. Kufunga kontena upya kila unapobadilisha mstari mmoja ni kazi ya kuchosha, basi akajifunza njia ya mkato ambayo vijana wote wanaijua: analichukua folda lake lote la kwenye laptopu na kulifunika juu ya folda lililomo ndani ya kontena. Akiandika neno kwenye laptopu, kontena linaliona papo hapo.

Juu ya meza yako hakuna ubaya. Lakini folda la Kitinda lilikuwa na vifurushi vyake ndani, vilivyotengenezwa kwa ajili ya laptopu yake, ambayo ni mashine ya aina nyingine kabisa. Ukifunika, vinavifunika na vile alivyovipakia Mama Pacha. Kontena likiamka linakuta vifurushi visivyo vyake. Mchukuzi anatoka mbio, kimya kimya, kwenda mtandaoni kuleta vinavyofaa. Mtandao ukiwapo hakuna anayejua kwamba kuna mtu ametoka na kurudi.

"Mdogo wangu," Mama Pacha alimwambia, "mezani kwako fanya utakavyo. Kwa mteja usifunike."

"Nimesikia, dada."

"Umesikia au umeelewa?"

"Dada nawe! Hivi hata ukilala unaota mitihani?"

Alielewa. Hilo lazima lisemwe wazi, kwa sababu baadaye mama yao alianza kusema mtoto hakujua. Alijua. Alifunika kwa mteja huku akijua, kwa sababu alitakiwa abadilishe jambo dogo kwenye ghala moja, na kumwomba dada afunge kontena upya kungemchelewesha mpira. Akapeleka folda lake zima kwenye mashine ya ghalani, akalifunika. Likafanya kazi. Akawa kila akitaka kubadilisha kitu anapeleka folda tena, na vifurushi vyake vya laptopu vinakwenda pamoja nalo.

Jumapili moja mchana umeme ulikatika ghalani. Jenereta likawaka. Lakini mtandao haukurudi, na chumba kimoja cha baridi mashine yake nayo haikurudi. Hapo ndipo programu ilipotakiwa kukiliza king'ora cha ghalani, na ilijaribu. Kontena liliamka, likakuta vifurushi vya laptopu ya Kitinda, likamtuma Mchukuzi, Mchukuzi akakuta njia imefungwa. Likafa. Mlinzi alikuwa nje na redio yake. Kulipokucha Jumatatu, maua yaliyokuwa yamehifadhiwa kwa ajili ya arusi na maziko ya wiki nzima yalikuwa yamelegea na kunuka kama maji ya chombo kilichosahauliwa.

Mwenye maua alikuwa jirani yake Mama Pacha. Wanatenganishwa na ukuta mmoja. Wanaazimana ndoo, wanaazimana chumvi, wanaazimana na umbea. Watu humwita Mama Maua.

Kitinda aliwahi kufika ghalani kabla ya wote. Akaliondoa folda lake, akafuta kila alama, akaliamsha kontena. Sasa juu hapakuwa na kitu, lililobaki ni kontena la Mama Pacha peke yake, na jina la mfungaji limeandikwa. Likaamka mara moja, kama lilivyotakiwa kuamka jana yake. Bosi Mkanda alipofika, Kitinda akamwambia, "Nimelikuta limekufa, bosi. Nimehangaika nalo sana mpaka limefufuka."

Kabla ya kikao alimsubiri dada yake kwenye ngazi za ofisi.

"Dada, usipige kelele. Nilifunika."

"Wapi?"

"Kwa mteja. Nimekwisha ondoa."

Mama Pacha aliegemea ukuta. Alikuwa bado hajakasirika. Alifikiri mdogo wake ameleta shida yake kwake kama alivyoleta magoti yaliyochubuka. "Basi twende wote kwa Bosi. Utasema, nami nitakuwa pembeni yako. Atafoka, atapandisha suruali, yataisha."

"Dada, nisikilize kwanza. Kontena lina jina lako. Wewe nyamaza tu."

"Ninyamaze nini?"

"Wewe hata cheti huna," Kitinda alisema, tena kwa upole, kama anayemfanyia hesabu mtu mzima asiyejua hesabu. "Wakikutoa, utakuwa umepoteza nini? Mimi jina langu likichafuka, nimekwisha."

"Na langu?"

Alimtazama dada yake kwa mshangao wa kweli. "Lako lipi, dada? Wewe si Mama Pacha tu?"

Kuna maneno yanayoingia na kutoka. Hilo liliingia, likatafuta pa kukaa, likakaa, na mpaka leo halijahama.

Kikaoni walikuwapo Bosi, wenye mali na wafanyakazi wote. Kitinda akasema aliyoyasema, akaapa kwamba kontena la dada haliwezi kuamka pasipo mtandao. Mama Pacha akasimama, akavuta pumzi, akafungua mdomo, na chini kule mashine ya kukata vioo ikaanza. Watu wote wakanyamaza kwa mazoea, na yeye akanyamaza kwa mazoea, mdomo wazi. Kilikuwa kioo kirefu. Mlio ulipoisha, Mama Maua alikuwa analia kwa sauti, Bosi anambembeleza, na mambo yamekwisha kwenda upande mwingine. Mama Pacha alikuja kumwambia Bosi ukweli baadaye, wawili tu, mlangoni. Bosi akapandisha suruali. "Mambo ya ndugu, Mama Pacha, malizaneni nyumbani." Akampa mkono wa kumuaga. Kiti chake akapewa Kitinda, na kilikuwa bado hakijapoa.

Nyumbani kwao nako! Mama yao alimpokea na kushika tama. "Mwanangu, hata kama ni yeye, si mdogo wako huyo? Kwani utakufa ukilibeba?"

"Sijakataa kubeba, mama. Nimembeba yeye. Uongo wake sibebi."

"Maneno yako makali, ndiyo maana watu wanakukimbia."

Na Mama Maua, ambaye mlango wake ulikuwa haujawahi kufungwa kwa Mama Pacha, alihamisha kamba yake ya nguo kutoka ukuta wa pamoja. Alikuwa akiongea na simu akiwa uani, sauti juu, uso ameuelekeza ukutani. "Ndiyo shoga, kuwa macho na watu wa kompyuta za kujifunzia jikoni! Wanakuozesha mali huku wanakuchekea!" Mama Pacha alikuwa upande wa pili anaanika shuka. Aliibana shuka kwa vibanio mpaka ikakosa pa kupumulia.

Kazi hakukosa kabisa. Kulikuwa na wenye maduka ya dawa, kulikuwa na kiwanda cha matofali, wote walitaka programu zao zifungiwe makontena, naye aliwafungia chumbani kwake, akichomoa waya kama kawaida. Lakini kila mteja mpya alimtazama kwa jicho la pembeni. "Samahani mama, wewe si ndiye yule wa maua?" Yule wa maua. Wanawe pacha walimpigia simu kutoka walikoolewa, mmoja akimnyang'anya mwenziwe maneno, wakimtaka aende kumzaba mjomba wao kofi mbele za watu. "Kofi linapoa," aliwaambia. "Nataka kitu kisichopoa."

Kilimjia chenyewe, na laptopu mkononi na mfuko wa sukari.

Ilikuwa alasiri. Kitinda aliingia kama mtu aliyeaga asubuhi ile ile, akakaa, akasifu mapazia. Kumbe kesho yake alikuwa na siku kubwa. Kuna matajiri waliojenga ghala la baridi lisilo na mfano, nao walitaka kuiona programu ikiamka mbele ya macho yao kabla ya kutia saini. Bosi Mkanda alikuwa ameiweka ofisi nzima kwenye siku hiyo.

"Dada, naomba macho yako tu. Inafanya kazi, ila inachelewa kidogo kuamka. Sijui kwa nini."

Mama Pacha akavaa miwani. Akayasoma maagizo ya kontena, taratibu, kidole kikifuata mistari. Akaelewa kila kitu. Tangu akikalie kile kiti Kitinda alikuwa hajafunga kontena hata moja. Alikuwa anafunika tu. Chini ya folda lake, lilelile, lilikuwapo bado kontena alilolifunga Mama Pacha, na jina lake juu. Na kule kuchelewa kuamka ni Mchukuzi alikuwa nje anatafuta vifurushi.

"Hao matajiri mtawaonyeshea wapi?"

"Kulekule ghalani. Chini ya ardhi, dada, kuta nene utadhani wanaficha mfalme. Hata simu haishiki."

Akavua miwani. Akaifuta kwa pindo la kanga, polepole sana.

"Lakini hapa inaamka?"

"Inaamka."

"Basi inaamka," alisema Mama Pacha, na akaenda kuchemsha chai. Alimwekea kikombe kizuri, kile cha wageni. Akamtazama akinywa. Alimpa nafasi, asije mtu akasema hakumpa. Alipomsindikiza mpaka mlangoni alishika kitasa, akauliza, "Huna jambo jingine la kuniambia, mdogo wangu?"

Kitinda akafikiri. Alifikiri kweli, paji likakunjamana. "Hapana, dada. Labda sukari hiyo usiiache wazi, ina sisimizi wa kwetu."

Akacheka na kwenda zake. Mama Pacha akafunga mlango, akakaa, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya kikao akahisi njaa.

Kesho yake simu ililia akiwa anachambua mchele. Bosi Mkanda. Hawakuwa wamezungumza tangu ule mkono wa kuagana. Alikuwa anahema, inaonekana alipanda ngazi kutafuta mahali simu inaposhika.

"Mama Pacha, huku tumeumbuka. Programu imegoma. Wenyewe wamekaa kule chini wametukodolea macho. Huyu mdogo wako anasema jana uliikagua wewe, ukasema nzima."

Hata hapo! Hata hapo alimnyooshea kidole, na dada mwenyewe hayupo tena kazini kwao.

"Nilisema inaamka, bosi. Kwangu iliamka. Mpe simu."

Simu ikabadilisha mkono. Ikaja sauti ndogo. "Dada."

"Bosi yuko hapo?"

"Yuko pembeni."

"Basi jibu ndiyo au hapana tu. Umefunika?"

"...Ndiyo."

"Chini yake kuna kontena la nani?"

 Kitinda alikuwa amekwisha kujua, na Mama Pacha alijua kwamba amejua. Dawa ilikuwa hapo hapo, mkononi mwake, wala haikuhitaji mtu wa kumfundisha: aondoe folda lake, na kontena lililo chini liamke, la zamani kidogo, lenye sura ya zamani, lakini zima, bila mtandao, bila Mchukuzi kutoka. Matajiri wangeridhika. Lakini Bosi Mkanda naye angeliona. Angeona kontena la Mama Pacha linaamka chini ya ardhi, penye giza la mtandao, palepale ambapo Kitinda aliapa kwamba haliwezi. Na hata Bosi, pamoja na suruali yake, angeuliza: kama linaamka hapa, siku ya maua lilifia nini?

"Lifunue," alisema Mama Pacha. "Mbele yake."

"Dada, tafadhali. Niambie njia nyingine."

"Hakuna nyingine. Lifunue, au umwambie Bosi kwa mdomo wako siku ile ya maua aliyefunika alikuwa nani. Chagua."

"Si sasa, dada. Nakuomba. Nitakuja nyumbani."

"Ni sasa."

Alisikia pumzi zake, zile zile alizozisikia mgongoni mwake alipokuwa mtoto mwenye homa. Yuko mtu ambaye hapo angelainika. Mama Pacha alishika punje ya mchele iliyokuwa na jiwe pembeni yake, akalitoa jiwe, akalitupa. Alisubiri.

"Bosi," Kitinda alisema, si kwake, "simu inakatika. Dada mwenyewe hajui tatizo ni nini." Na ikakatika, kwa kidole chake.

Akashuka chini na hakufunua. Huo ndio uamuzi alioufanya, na usisahaulike. Alikuwa na kontena zima chini ya mkono wake, akaona heri ofisi ianguke, heri bosi aliyemlisha aaibike mbele ya matajiri, kuliko jina la dada yake lionekane safi. Aliwaambia mashine imeungua. Matajiri wakainuka. Kesho yake Bosi alimtoa kwenye kile kiti na kumweka meza ya mlangoni, ya kupokea simu za wateja wanaolalamika, na ikajulikana mji mzima kwamba kuna kijana amelizamisha ghala kubwa.

Mama Pacha alifurahi? Alifurahi. Asitokee mtu wa kumpaka mafuta hapa, eti moyoni aliumia. Alikula akashiba. Na wateja wake walipomuuliza kuhusu yule kijana, aliwaeleza tabia yake ya kufunikafunika kwa utulivu kabisa, mpaka jina la Kitinda likafa mjini na yeye akawa anaitwa Kifuniko. Alipopita dukani watoto walimwita hivyo. Alipompigia mchumba wake, kaka wa mchumba alipokea na kusema, "Subiri, Kifuniko, anakuja." Yeye aliyekuwa na jina la kulinda.

Lakini furaha ile ilikuwa na tundu, na aliligundua mapema. Watu sasa walisema, "Kumbe mdogo mtu naye bure kabisa!" Naye. Hawakusema kwamba dada hakuwa mkosaji. Walisema ukoo mzima mikono mibovu. Ukutani Mama Maua alimwambia simu yake: "Si ndugu hao? Mmoja maua, mmoja ghala!" Kamba ya nguo ikabaki ilikohamishiwa.

Halafu Kitinda alikuja, kama alivyoahidi, lakini alikuja nyuma ya mama yao kama anavyojificha mtoto aliyevunja chungu. Mama alikaa kwenye kiti cha kuegemea, akajipepea.

"Mwanangu, yaishe. Mmekomoana, mmelipizana, mko sawa."

"Hatuko sawa, mama."

"Kiti amepoteza, mchumba anamyumbia, watoto wanamzomea. Unataka nini tena, ngozi yake?"

"Ngozi yake naijua, nimeiogesha. Nataka aseme."

Kitinda aliinamia viatu vyake. "Uliniona, dada. Ile jana yake uliniona naenda kuanguka, ukanipa chai."

"Nilikuona. Na ya pili nikakuongezea sukari."

"Huo ni ubaya."

"Ni ubaya," Mama Pacha alikubali. "Wangu nimeusema, umesikia, mama kasikia. Haya, sema na wako."

Mama akamtazama mwanawe wa mwisho. Hata yeye, nafikiri, hapo alianza kuona kitu. Kitinda akahangaika na zipu ya koti lake, akaipandisha, akaishusha. "Basi nitamwambia Mama Maua kwamba siku ile tulipitiwa."

"Tulipitiwa nani na nani?"

"Sisi. Kazini. Wote."

"Mimi sikupitiwa. Kontena langu lilikuwa zima, na zima liko mpaka leo, chini ya uchafu wako."

"Dada, neno 'mimi' litakuongezea nini?"

Mama Pacha alisimama, akafungua mlango wa mbele, akauacha wazi. Mama yao akainuka kwa kuguna, akaegemea bega la kitindamimba wake, wakatoka. Mlangoni mama aligeuka kana kwamba anataka kumwuliza kijana jambo, halafu akaghairi.

Mambo yamesimama hapo. Bosi Mkanda anadaiwa sikio, lile alilolinyima mlangoni, na Mama Maua anadaiwa salamu na kamba ya nguo irudi ilipokuwa. Lakini hao wawili wanaweza kungoja, wao walidanganywa. Anayedaiwa hasa ni Kitinda. Anadaiwa asimame uani kwa Mama Maua, na mbele ya Bosi, na mbele ya mama aliyewazaa wote wawili, wakiwa pamoja, aseme kwa mdomo wake kwamba aliyefunika alikuwa yeye, kwamba alijua, na kwamba dada yake ana jina. Hajasema. Na mpaka atakaposema, kila atakapofunika kitu, popote, Mama Pacha ataona, na atachemsha chai.